Kona Niliyoona Aibu Kuipima

Jamani, kuna aibu ukishaipata huna pa kuipeleka, inabidi uisimulie mwenyewe kabla watu hawajaisimulia kwa kuongeza chumvi, na hii yangu imeshatembea kutoka Butimba mpaka Igoma, kila inapofika inaongezewa kitu, juzi nimekutana na mtu kituo cha mafuta ananiambia eti nilianguka na nyumba nzima. Sikuanguka na nyumba. Niliangukia mahali pabaya zaidi, lakini tuanze mwanzo.

Mimi naitwa Majura, fundi wa kupaua, yaani mtu anayeitwa kuta zikishasimama na nyumba inangoja kichwa. Kwetu ni Ukerewe lakini karakana yangu iko Igoma, na kazi hii nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba nikipita mtaani siangalii watu, naangalia mapaa (mke wangu analalamika, anasema nimeshapishana naye njiani nikiwa nimeinua shingo namna hiyo, nikampita). Mke wangu anaitwa Kabula. Nyumba ya mkasa huu ni ya mama yake, yaani mama mkwe wangu, iko Butimba kule juu kwenye mawe, na aliijenga marehemu baba mkwe kwa mikono yake. Aliiezeka mgongo mmoja, bati zote zinatelemkia upande mmoja, na zile bati zilikuwa zimechoka, mvua ikinyesha ndoo zinapangwa sebuleni mpaka wageni wanakosa pa kuweka miguu.

Sasa mama mkwe alikuwa ameona nyumba fulani mjini, paa lake lina pande nne zinazotelemka, lakini juu kabisa, kwenye ncha mbili za mgongo, kuna pembetatu ndogo imesimama wima, ina matundu ya kutolea joto. Mafundi tunaliita dachi gebo. Mama akalipenda. Akasema anataka nyumba inayopumua, maana dari la zamani lilikuwa linampika kila mchana. Hakuniambia mimi, alimwambia Kabula ndiye akaniambia, kwa sababu mimi na mama mkwe hatukuwa watu wa kuambiana.

Hapa lazima niwaeleze, la sivyo mtaniona mjinga kuliko nilivyo. Kwao Usukumani na kwetu visiwani, mwanaume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mnasalimiana kwa mbali, hampeani mikono, hamli pamoja, mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja anapisha porini. Wengi siku hizi wameshalegeza, utakuta mtu na mama mkwe wake wanapiga picha wamekumbatiana, lakini mimi nimelelewa na bibi, na bibi alikuwa mkali kwenye hilo, basi nikaingia kwenye ndoa na heshima ya zamani nzima nzima. Nilikuwa nikifika Butimba nasema "Shikamoo mama" nikiwa nimeangalia mlango, sauti inaniitikia "Marahaba baba" kutoka jikoni, basi, hapo tumeonana. Ungeniuliza mama mkwe alikuwa mrefu au mfupi, ningekujibu kwamba ni mtu wa heshima.

Na kazi yenyewe haikuja hivi hivi. Kwenye kikao cha ukoo wajomba walitaka fundi mwingine, wakasema kazi ya ndugu haina kudai, ikiharibika utamshitaki nani? Kabula alisimama mbele yao, yeye ambaye kwenye vikao huwa anakaa nyuma na mtoto wetu Neema mapajani, akasema, "Mume wangu ataweza, na asipoweza nilaumuni mimi." Alinisimulia usiku ule. Nikajiambia paa hili nitalipandisha kiasi kwamba wajomba watakuja kuomba yao.

Basi siku ya kupima nikaenda peke yangu. Huwa naenda na Revocatus, Mhaya mmoja tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi, mtu wa maneno machache na macho makali, lakini siku ile alikuwa kalala na malaria. Nikapiga hodi pale Butimba, hakuna aliyeitikia. Nikaona sawa, kazi yangu iko nje, nikachomeka msumari kwenye kona ya ukuta, nikaning'iniza ncha ya futi kamba, nikaanza.

Dachi gebo si paa la kukisia. Chini kwenye kona nne za nyumba zinatoka mbao nne nene zinapanda kwa mshazari mpaka zinafika kwenye fremu za mwisho za kubeba paa, tunaziita kenchi, moja kila upande, zile zinazobeba zile pembetatu, na mgongo wa paa unapita katikati yake. Kona zikiwa sawa, kila kitu huko juu kinakutana chenyewe, mpaka unaona raha. Kona moja ikidanganya, uongo unapanda nao mpaka kileleni. Kwa hiyo fundi anapima kuta zote nne, halafu anapima msalaba, kona kwa kona, mara mbili, na misalaba ikilingana ndipo anajua nyumba imekaa mraba. Hilo nimewafundisha watu. Hilo nimewafokea watu.

Nikapima ukuta wa mbele, vizuri. Wa kushoto, vizuri. Wa kulia ukazidi wa kushoto kama nusu inchi hivi, nikasema huu upepo wa ziwa umepinda futi kamba (tazameni mtu anavyotafuta sababu, upepo wenyewe ulikuwa hautikisi hata jani). Nikazunguka kwenda nyuma.

Nyuma ya nyumba ile kuna jiwe, yale mawe yetu ya Mwanza, kubwa kama lori la Fuso, na kati ya jiwe na kona ya ukuta wametengeneza bafu la nje, limezungushiwa mabati chakavu, juu wazi. Nafika pale, nasikia maji. Chwaa, chwaa. Na mtu anaguna wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Na juu ya bati imetundikwa kanga, kanga ninayoijua, maana tuliinunua mimi na Kabula tukampelekea mama Krismasi.

Nilirudi kinyumenyume kama niliyekanyaga moto. Nikaenda mbele, nikakaa kwenye ngazi, nikakohoa kidogo ili ajue kuna mtu. Nikangoja. Nikarudi taratibu mpaka kwenye pembe ya ukuta, nikatega sikio, wimbo ndiyo kwanza umefika ubeti mwingine. Jamani kuna watu wanaoga! Nikangoja tena, halafu likanijia wazo likanitoa jasho: jirani akipita sasa hivi, akamkuta mkwe amesimama na futi kamba mkononi, ametega sikio kwenye bafu analooga mama mkwe wake, nitamweleza nini? Kwamba napima?

Ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo. Nikajiambia, Majura, nyumba ni boksi. Mbele na nyuma zitatofautianaje? Chukua kipimo cha mbele, kiandike na nyuma, uondoke na heshima yako. Nikapanda pikipiki, nikarudi Igoma, na njiani nilijiona nimefanya jambo la adabu kabisa.

Revo alipopona tukaanza kazi pale karakana. Nilichora paa zima sakafuni kwa chaki, ukubwa wake halisi, tukakata kenchi, tukakata mbao za kona na zile fupi zinazoziegemea, kila kitu tayari ili kule Butimba iwe ni kupandisha na kupigilia tu. Revo akauliza, "Misalaba ilikuwaje, mkuu?"

Nikamjibu, "Nyumba haina tatizo."

Akaniangalia kidogo, akaendelea na msumeno.

Siku yenyewe ilipofika nilikuta sherehe. Tulikuwa tumeshatoa bati za zamani jana yake, nyumba iko wazi, vyombo vya mama vimerundikwa sebuleni vimefunikwa turubai, na kwa mbali ziwani kulikuwa na wingu limekaa ambalo sikulipenda. Sasa shemeji yangu Masanja, mdogo wake Kabula anayekaa na mama yao, ambaye ni mwalimu wa kwaya na hawezi kuona watu wamekusanyika asiwatangazie kitu, alikuwa amewaalika akina mama wa jumuiya waje kuibariki nyumba, na majirani, na wale wajomba wa kikao, wakawekewa viti chini ya mwembe wa jirani, pilau linapikwa, na yeye ameazima spika ya kwaya na kipaza sauti chenye waya mrefu.

"Shemeji," nilimwambia pembeni, "mimi nilidhani tunapaua tu."

"Tunapaua, shem, ila tunapaua kwa furaha!"

Kabula alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la kutokea. Alinirekebisha kola ya ovaroli, na mimi nikapanda juu nikiwa na kichwa kikubwa kama mtu aliyeshashinda.

Na mwanzoni ilikuwa kazi nzuri, jamani, msininyime hilo. Kenchi za kati zilipanda moja moja zikajipanga, uzi niliounyoosha juu yake ukazigusa zote. Upande wa kushoto, kenchi ya mwisho na pembetatu yake ikasimama wima, mbao mbili za kona zikapanda zikakaa kwenye kona zake kama mguu kwenye kiatu cha mwenyewe. Huko chini Masanja anatangaza, "Ndugu wapendwa, mnaona kazi ya shemeji! Hii ndiyo nyumba inayopumua! Makofi kwa shemeji!" Wanapiga makofi. Mjomba mmoja, yule aliyekuwa mbishi zaidi, nilimwona ametoa miwani kuangalia vizuri. Nikapigilia msumari mmoja kwa mbwembwe ambazo kazi hiyo haizihitaji.

Tukahamia kulia. Kenchi ya mwisho ikasimama, mbao ya kona ya mbele ikakaa. Ikabaki ya nyuma. Revo akashika juu kwenye kenchi, mimi nikashusha ncha ya chini ikae kwenye kona, na ncha ikapita kona. Haikugusa ukuta. Ilienda ikasimama hewani, nje kabisa, ikionyesha kidole kwenye lile bafu.

Nikaivuta ndani. Haitaki. Nikaitoa, nikaigeuza, nikairudisha (mbao ukiigeuza haibadiliki, lakini mtu akiwa anaangaliwa hufanya vitu). Chini makofi yamepungua. Masanja, ambaye ukimya unamuumiza, akasema kwenye spika, "Shemeji anatafuta pozi la mbao."

Revo akaniambia taratibu, "Mkuu, tushuke tupime nyuma."

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Bafuni hakukuwa na mtu, futi kamba ilikuwa mfukoni, kushuka ni ngazi tu. Lakini mjomba kavaa miwani, Kabula kasimama pale na gauni lake, na fundi anayeshuka na futi kamba mbao zikiwa zimeshakatwa anatangaza kwamba hakupima. Nikasema, "Ni kenchi imekaa vibaya. Isogeze kidogo kushoto."

"Kenchi iko sawa, mkuu."

"Isogeze, Revo."

Tukaisogeza kwa nyundo. Mbao ya nyuma ikakaribia ukuta kidogo, lakini ya mbele, iliyokuwa imekaa vizuri, ikanyanyuka. Nikaenda kuisukuma ile ya mbele, mgongo wa paa ukapinda, uzi ukaachia. Nikarudi kwenye mgongo, pembetatu ikalala upande kama kofia ya mtu aliyetoka kilabuni. Kila nilichokishika kilikuwa kinaharibu kingine, na nilikuwa nakwenda haraka zaidi badala ya polepole, na sasa chini hakuna makofi kabisa, nasikia sufuria la pilau linavyotokota na akina mama wa jumuiya wanavyoulizana, "Ndivyo linavyokuwaga hilo la Kidachi?"

Nikaamua nitaivuta ile mbao kwa uzito wangu. Nikapanda juu yake kwa mapaja, kama mtu aliyepanda punda, nikaanza kusogea kuelekea ncha iliyo hewani, nyundo mkononi. Revo kule juu akasema, "Mkuu, hii imeshikwa na msumari mmoja." Nikamwambia naujua msumari wenyewe, nimeupiga mimi. Nikasogea tena.

Ile mbao ikazunguka. Haikukatika, haikudondoka, ilizunguka tu polepole, na mimi nikawa chini yake nimeikumbatia kwa mikono na miguu, nikaanza kutelemka, nasikia vijiti vya mbao vinaniingia viganjani, naona jiwe linapita, naona mwembe umepinduka, halafu miguu ikagusa mabati ya bafu, mabati yakalala, nikamalizia safari yangu kwa kukaa kitako kwenye beseni kubwa la nguo zilizolowekwa. Maji yalinifika kifuani. Kitu kikanifunika kichwa, kizito, chenye povu, nikakivuta nikakiangalia. Ilikuwa sketi ya ndani.

Sikuumia. Naomba hilo lieleweke, maana ningeumia ningehurumiwa. Nilichubuka viganja tu.

Watu walikuwa wamesimama wote, nasikia viti vinaanguka, lakini hakuna aliyejua kama ni msiba au kichekesho, na ukuta wa mabati uliokuwa unanificha ulikuwa umelala chini, kwa hiyo walikuwa wananiona vizuri kabisa, fundi mzima ndani ya beseni. Aliyefika wa kwanza ni mama mkwe. Alikuja akikimbia, mikono ina unga, akasimama mbele yangu karibu kuliko alivyowahi kusimama tangu nimuoe binti yake, na nilipoinua macho, kwa mara ya kwanza nikajua kwamba ni mfupi.

"Umeumia, baba?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Toka kwenye maji kwanza."

Nikaangalia jiwe, maana sikujua pa kuangalia. Akaninyooshea mkono. Nikauangalia ule mkono, nikafikiria bibi yangu, nikaushika, akanivuta nikasimama. Akaangalia juu kwenye ile mbao inayoning'inia, akaangalia kona ya ukuta.

"Mbona haikukaa pale pake?"

Masanja naye alishafika mbio, waya unamfuata nyuma, ameinama kuniangalia kama nina mfupa uliovunjika, na kile kipaza sauti kipo mkononi mwake kati yangu na mama, na hakikuwa kimezimwa. Mimi sikukiona. Nilikuwa nimelowa, nimechoka na uongo wa asubuhi nzima, nikamjibu mama mkwe kwa sauti ya chini, kwa heshima, ukweli mtupu:

"Nilishindwa kupima huku nyuma, mama. Nilikukuta unaoga."

Ikatoka kwenye spika ya kwaya. UNAOGA. Ikaenda ikagonga mawe ya Butimba, mawe yakairudisha.

Hata aliyekuwa anakoroga pilau aliacha. Nikamwona Kabula ameweka mkono mdomoni, na yule mjomba amevua miwani polepole, anaifuta. Nikajaribu kurekebisha, nikasema, "Sikuona kitu!" nayo ikatoka kwenye spika, ikawa mbaya zaidi. Nikasema, "Nilisikia tu!" Masanja akatafuta pa kuzimia kile kidude, hapaoni.

Mama mkwe alinitazama.

"Siku gani hiyo?"

Nikamwambia, siku ile niliyokuja kupima, niliyopiga hodi pasipo na mtu. Nilikuta maji yanamwagika, na kanga yake imetundikwa pale, nikaondoka kwa heshima.

"Siku hiyo mimi nilishinda sokoni Mwaloni nanunua dagaa," alisema mama. "Nilirudi jioni nikakuta kanga yangu imelowa, nikauliza ni nani aliyejifutia, kila mtu akakataa." Akageuka taratibu. "Masanja."

Masanja akiwa bado ameshika kipaza sauti, akajibu, "Mama, taulo langu lilikuwa halijakauka." Nalo likatoka.

Hapo ndipo Butimba ilipocheka. Akina mama wa jumuiya walishikana mabega, mmoja alikaa chini kabisa kwenye nyasi, mjomba alicheka mpaka akakohoa, na Revo, mtu asiyecheka, nilimsikia kule juu ya kenchi anacheka peke yake kama injini ya mashua inayogoma kuwaka. Mimi nilikuwa nimesimama na sketi mkononi. Nilikuwa nimemheshimu shemeji yangu kwa kiwango ambacho hakuna shemeji duniani aliyewahi kuheshimiwa.

Na mama mkwe alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, alicheka ameshika kiuno, machozi yanamtoka, halafu akajifuta kwa mkono wenye unga, akabaki na uso mweupe upande mmoja.

"Sasa baba," alisema alipopata pumzi, "huu ukuta marehemu aliupinda. Alipofika hapa akakuta jiwe halitoki, akaleta ukuta ndani. Mbona ungeuliza tu?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Niheshimu ukiwa karibu. Hiyo futi kamba iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni inachuruzika maji. Akaichukua ncha, akaenda nayo mwenyewe mpaka kwenye ile kona, akapita juu ya mabati yaliyolala, akaibana ukutani kwa dole gumba. "Haya, vuta." Nikavuta mpaka kona ya mbele, mshazari, kisha tukabadilisha, akashika kona nyingine, nikavuta tena, mbele ya watu wote. Misalaba ilipishana vibaya sana. Nikapaza sauti nikasoma vipimo vyote viwili wasikie, bila spika, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuficha.

Halafu nikamfuata Kabula. Hilo ndilo lililokuwa linanitesa kuliko beseni. Nikamwambia, "Nisamehe, uliwaambia wakulaumu wewe."

Akaniangalia nilivyolowa, akasema, "Wingu lile linakuja, baba Neema. Nilaumiwe baadaye." Akajifunga kanga juu ya gauni lake la kutokea, akaenda kushika turubai.

Na niwaambie, watu wale wale waliocheka ndio waliofanya kazi. Wajomba walipanda ngazi na koti zao, tukavuta maturubai juu ya kenchi zilizosimama, tukayafunga kwa kamba za mkonge, tukafunika vyombo vya mama na sufuria la pilau. Wingu likapita pembeni, likaenda kumwagikia Sengerema. Akina mama wakaibariki nyumba hivyo hivyo ikiwa nusu uchi, wakaombea pia viganja vyangu, tukala pilau.

Siku zilizofuata tukafungua upande wa kulia wote. Tukaigeuza kenchi ya mwisho kidogo ifuate ukuta ulivyopinda, tukakata mbao mpya ya kona, na zile fupi zinazoiegemea tukazipima moja moja hukohuko juu, kila moja na urefu wake, kazi ya kuchosha, unakata, unapanda, unajaribu, unashuka. Mbao zilizoharibika nililipia mimi. Bafu nalo nililijenga upya, safari hii nikaliwekea paa na mlango wenye komeo. Mama alikuwa anatuletea uji mwenyewe, anasimama chini anauliza, "Hiyo inaitwaje? Na hiyo inashika nini?" nami namjibu, nikimwangalia usoni, na kila mara bibi yangu anageuka kidogo huko kaburini aliko.

Ukisimama barabarani leo huwezi kujua kwamba pembetatu ya kulia imegeuka. Mimi najua. Kila nikiliangalia paa lile jicho langu linakwenda pale pale.

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta hukohuko, nimekwenda kumalizia kofia za bati pale mgongoni mwa paa. Tuliingia ndani wote tukasimama tunasikiliza, kila mtu ameinua shingo. Mama mkwe alikwenda mpaka chumba cha nyuma, kwenye kona yenyewe, akasimama chini yake mvua ikiwa imepamba moto, akalipapasa dari kwa fimbo ya ufagio, akaupapasa ukuta kwa kiganja. Akakiangalia kiganja. Kikavu. Akamwita Masanja amsaidie, wakaburuta kitanda chake kutoka chumba cha mbele, wakakiweka pale.

Mimi nimeapa, na mnishuhudie. Nyumba yoyote nitakayoitwa, sitakunywa hata chai kabla sijaizunguka yote na futi kamba, mbele, nyuma na msalaba, na nikikuta mtu anaoga nitakaa getini nimngoje mpaka amalize nyimbo zake zote, halafu nitamuuliza jina.